Kikohozi cha Mkwe

Bi Time binti Masoud hakujaaliwa subira, na hakuona tabu kulisema hilo mbele za watu. Chai aliinywa ingali inatoa moshi. Ubani akiutia chetezoni hakungoja makaa yashike, aliyapuliza mpaka majivu yakamrukia usoni, kisha akayagombeza majivu. Nyumba yake na yangu, huko Ng'ambo, zilitenganishwa na kichochoro ambacho watu wawili walipishana kwa ubavu. Basi haya ninayoyaeleza mengine niliyaona kwa dirisha langu, mengine alinisimulia mwenyewe, na mengine nilisimuliwa na binti yake, Wanu.

Mungu akamwoza mtu wa kinyume chake. Mumewe, Muhiddin, alikuwa fundi wa Vespa, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba na kipande cha njia kilicho mbele yake. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kugusa kitu mara mbili kabla ya kukiamini. Akifunga mlango atausukuma kuona kama umefungika, ataondoka, kisha atarudi kuusukuma tena. Bi Time alikuwa akisema kwamba mlango wao ukivunjika, hautavunjwa na mwizi, utavunjwa na Muhiddin.

Katika kazi alikuwa na taratibu zake, na hiyo ya gurudumu la nyuma mtaa mzima tuliijua kwa moyo kwa kuwa aliisema kwa sauti kila alipoifanya. Vespa ilazwe ubavu juu ya magunia. Gurudumu litolewe, lizibwe pancha, lirudishwe. Nati zishikishwe tu, zisikazwe. Kisha Vespa isimamishwe, gurudumu likanyage ardhi, mtu aweke mguu kwenye breki, ndipo nati zikazwe moja moja kwa kuvukana, ya huku na ya kule, huku Vespa ikisogezwa mbele kidogo kidogo ili zile zilizojificha upande wa juu, chini ya bodi, zishuke zionekane.

"Gurudumu likiwa hewani, spana hukudanganya," husema.

"Na wewe hukudanganya nani?" Bi Time humjibu kutoka ndani. "Nati hiyo ushaikaza tangu jana. Iache ipumue."

"Haraka haraka haina baraka, Mama Wanu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Baba Wanu."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na mapenzi yao yalikuwa humo humo katika kubishana.

Mwaka wa sabini Wanu alijifungua mtoto wa kwanza, mwanamme. Kama ada ilivyo alikuja kuzalia kwa mama yake, akakaa mpaka arobaini. Mumewe, Jecha, alikuwa mtu wa Mkokotoni, mbali na mji, kijana mrefu, mnyamavu, mwenye adabu iliyopita kiasi. Mbele ya mama mkwe wake alikuwa hainui macho. Akija nyumbani alianza kukohoa tangu kona ya mtaa, ili Bi Time apate nafasi ya kujitanda na kuingia nyuma ya pazia. Bi Time naye, ambaye alikuwa akimgombeza hata sheha wa mtaa, kwa mkwe huyo aligeuka mtu mwingine. Alisema naye kwa sauti ndogo, kutoka nyuma ya pazia, na hakuwahi kuonekana naye akiwa na masizi mkononi wala unga kwenye kanga. Mkwe ni mkwe, alikuwa akiniambia. Akikuona vibaya siku moja, mwanao ndiye atakayesikia maneno miaka yote.

Siku ya kumchukua mkewe Jecha alikuja na Vespa yake ya buluu. Mizigo ilikwisha kwenda asubuhi kwa gari ya shamba. Huko Mkokotoni kulikuwa na maulidi ya mtoto baada ya Alasiri, mbuzi wameshachinjwa, wazee wameshaalikwa. Lakini Jecha hakufika amepanda Vespa. Alifika anaisukuma, jasho linamtiririka, mpira wa nyuma umelala chini. Gurudumu la akiba alikuwa hana. Mipira siku zile hupati mpaka umjue mtu, na Jecha hakumjua mtu.

Muhiddin akaanza kazi. Jecha alikwenda kukaa baraza ya pili, kwa muuza kahawa, akageukia kwengine. Haikuwa heshima kumsimamia baba mkwe wake kama msimamizi wa kibarua. Kwa hiyo hakuona kilichofanywa na kilichobaki.

Pancha ikazibwa, gurudumu likarudi mahali pake, nati zikashikishwa. Muhiddin aliisimamisha Vespa, akaiegemeza ukutani ikanyage kwa magurudumu yake. Alikuwa ndio kwanza anachukua spana tuliposikia "La ilaha illa Llah" kutoka upande wa msikitini, na jeneza likatokeza.

Kwetu jeneza likipita, mwanamme huacha alichonacho. Kinyozi huacha kichwa nusu, muuzaji huacha mizani, kila mtu huenda kutia bega hata kwa hatua chache, apate thawabu zake. Muhiddin aliweka spana juu ya gunia, akajifuta mikono, akauliza ni nani. Akaambiwa ni Mwalimu Ame, kafariki alfajiri kwa mwanawe Kiembe Samaki. Mwalimu Ame ndiye aliyemfundisha Kurani tangu alifu. Niliona uso wake ulivyobadilika. Aliingia chini ya jeneza bila ya kugeuka nyuma, na Jecha naye akatoka kwenye kahawa yake akamfuata.

Bi Time alikuwa dirishani. Mimi nilikuwa dirishani kwangu. Tuliomboleza kidogo, tukamwombea marehemu, kisha nikamwona anaitazama Vespa.

"Huyu sasa atakwenda mpaka kaburini," akaniambia. "Atakaa mpaka talakini imalizike kusomwa. Na watu wa Mkokotoni wanangoja."

"Mwache arudi, Bi Time."

"Nimwache! Mie nimemtazama akikaza nati hizi tangu Wanu hajazaliwa. Spana si mwanamme wala mwanamke."

Akatoka na kanga zake mbili, akakunja moja kiunoni, akachuchumaa. Na kweli alijua. Alizikaza zile za chini kwa kuvukana, spana akaishindilia kwa kisigino mpaka nikasikia chuma kinalia. Zilibaki mbili za juu, zile zilizojificha chini ya bodi. Alisimama, akashika usukani aisogeze Vespa mbele zipate kushuka.

Hapo ndipo tuliposikia kikohozi.

Jecha alitia bega lake hatua alizojaaliwa, akarudi kwa sababu ya safari. Alikuwa kwenye kona, anakohoa kama kawaida yake, kwa adabu. Na Bi Time alikuwa katikati ya njia, kanga kiunoni, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwikoni. Sijapata kumwona mtu mpana vile akienda kwa kasi ile. Aliokota magunia na kisanduku cha zana, akaruka kizingiti, akaingia nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama," Jecha akasema mlangoni, macho chini.

"Marahaba mwanangu."

"Baba keshamaliza?"

Pazia likatikisika. Mimi nilikuwa dirishani kwangu na nililiona.

"Keshamaliza mwanangu. Nendeni, Mungu awafikishe."

Wanu akatoka na buibui lake, akanibusu mkono kupitia dirishani, akakaa upande nyuma ya mumewe, mtoto kifuani amefungwa kwa kanga. Vespa ikawaka, ikakunja kona, moshi ukabaki kichochoroni. Nami sikuwazuia. Nilidhani Bi Time anajua alichokisema.

Haukupita muda akaja uani kwangu. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi bila ya kuombwa, akaanza kusema mambo ya mchele na foleni ya dukani, haraka haraka. Akatia mkono kiunoni, kwenye mkunjo wa kanga, akatoa spana. Alikuwa amekwenda nayo ndani na hata hakujua kuwa anayo.

"Zile mbili," akasema.

"Si ulizikaza?"

"Nilikuwa nataka kuzikaza." Akaigeuza spana mkononi. "Lakini Baba Wanu keshazishikisha. Na za chini nimezikaza vizuri. Nimezikaza, si umeniona? Gurudumu haliwezi kutoka kwa nati mbili. Au laweza?"

Nikamwambia mimi sijui Vespa. Hilo halikumsaidia. Akaanza kujiuliza na hizo za chini: je, zile alizozikaza ndizo, au moja aliikaza mara mbili na nyengine akaisahau? Alinitaka niseme nilichokiona. Nilipotaka kusema nikagundua na mimi sina hakika, maana nilikuwa nikimtazama yeye zaidi kuliko gurudumu. Hofu yake ikanihamia. Tulikaa pale wanawake wawili wazima, tumeshikana mikono, tunahesabu nati ambazo hazipo mbele yetu. Wahenga wamesema majuto ni mjukuu. Mjukuu wa Bi Time alikuwa juu ya Vespa ile, anakwenda Mkokotoni.

"Na barabara ya Bububu ile," akasema. "Mashimo yale. Ya Rabi, mashimo yale."

Muhiddin aliporudi kutoka makaburini alikuwa na vumbi miguuni na macho mekundu. Alisimama mbele ya baraza yake akiutazama ukuta ulio mtupu. Bi Time alitoka kwangu na spana mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikwenda polepole.

"Vespa iko wapi?"

"Wameshakwenda."

"Nani kazikaza nati?"

"Mimi."

Muhiddin hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alimtazama tu, akauliza neno moja:

"Zote?"

Bi Time aliitazama spana. Akaanza kulia pale pale njiani, kwa sauti, bila ya kujifunika uso.

Palikuwa na Lambreta ya Abdulla, mtu wa Malindi, iliyoletwa kutengenezwa klachi. Muhiddin aliitoa uani, akaipiga teke mpaka ikawaka. Bi Time akavaa buibui na kupanda nyuma yake. Alikuwa hajapata kupanda chombo hicho hata siku moja.

"Shuka, Mama Wanu. Klachi yake inateleza."

"Sishuki. Twende."

"Uzito wako utatuchelewesha."

"Nshakwambia sishuki! Mie ndo niliyewatoa."

Wakaenda. Bi Time aliponisimulia safari ile alisema hakuyaona mandhari yoyote, aliyaona mashimo tu. Kila shimo alilihesabu kwa mtoto. Hili limewatikisa, hili limelegeza moja, hili ndilo. Kwenye vilima Lambreta ililia bila ya kwenda, na alikuwa akishuka na kuisukuma kwa nyuma, buibui limemzinga miguuni, viatu ameviacha sijui wapi. Kila wakikunja kona alifumba macho, kisha akaogopa zaidi kwa kuwa amefumba, akayafumbua.

Bububu waliuliza kwa muuza madafu. Naam, aliwaona, Vespa ya buluu, mtu na mkewe. Walikwenda salama? Aa, walikwenda tu, atajuaje yeye. Mahonda kulikuwa na bibi mmoja anatandaza mbata za nazi juani. Wamepita, akasema, na mtoto alikuwa analia, analia vibaya yule mtoto.

"Analia kwa nini?" Bi Time akauliza.

"Mwanangu, mtoto huulizwa analilia nini?"

Njia nzima midomo ya Muhiddin ilikuwa inakwenda. Bi Time alidhani anasoma Yasini. Alipoinama kusikiliza akasikia anapitia kazi yake: nimezishika zote kwa mkono, ya huku, ya kule, ya huku, ya kule. Na yeye hakuwa na hakika, mtu yule ambaye mlango aliusukuma mara mbili. Hapo, aliniambia Bi Time, ndipo nilipojua hatuna tena wa kumtegemea.

Mbele ya Mahonda, pale njia inapopinda, waliona watu wamekusanyika. Wengi, wameinama wanatazama kitu chini, na baiskeli imelala ubavu wake. Bi Time alishuka Lambreta haijasimama, akaanguka kwa magoti, akainuka, akaenda akiwasukuma watu kwa mikono miwili, anaita, "Mwanangu! Mwanangu!"

Katikati yao palikuwa na kapu la changu na tasi. Mchuuzi wa samaki kutoka Mkokotoni alipata pancha, na watu wa pale walikuwa wanamnunulia samaki wake kabla hawajaharibika. Wote wakamtazama mwanamke aliyepekua kapu la samaki huku akilia. Mmoja akamuuliza, "Bibi, una nini?" Alipowaeleza, yule mchuuzi akasema ndio kwanza amewapita mtu na mkewe wamesimama kwenye karavati, kile kijidaraja, si mbali.

Walikuwa wapo. Wanu amekaa juu ya ukuta wa karavati, buibui amelishusha mbele, anamnyonyesha mtoto. Mtoto alilia njaa tangu Bububu, na Wanu akamlazimisha mumewe asimame mara kwa mara njiani, kwani aliona haya kufika mbele ya wazee na mtoto anayelia hivyo. Jecha alikuwa amesimama mbali kidogo. Vespa ilikuwa kando ya njia.

Aliposikia Lambreta na kugeuka, Jecha alimwona mama mkwe wake, magoti yametoka damu, miguu mitupu, buibui limemteremka kichwani. Akainamisha uso mara moja.

"Shikamoo mama," akasema, kama kwamba wako mlangoni.

Bi Time alimpita akaenda kwenye Vespa. Muhiddin alikwisha piga magoti kwenye gurudumu. Aliisogeza Vespa mbele kidogo, zile mbili zikashuka kutoka chini ya bodi. Ya kwanza aliigusa kwa kidole, ikazunguka. Kidole tu, na ikazunguka. Ya pili ilikuwa haipo. Na moja katika zile za chini, zilizolia chini ya kisigino cha Bi Time, nayo ilianza kulegea.

Muhiddin alitia spana, ikachomoka. Akatia tena, ikamchomoka mkononi. Wanu aliyaona hayo, akamkumbatia mtoto, akaelewa bila ya kuambiwa.

Bi Time aliichukua spana mkononi mwa mumewe. Akakunja buibui, akachuchumaa katikati ya barabara, mbele ya mkwe wake, mbele ya wale watu wa samaki waliokuja nyuma yao kutazama. Akasema kwa sauti yake ya kweli, ile tuliyoijua sisi majirani, na ambayo Jecha hakupata kuisikia:

"Jecha, mwanangu. Baba yako hakumaliza. Mie nliingia kati, na mie sikumaliza. Uliponiuliza nikakwambia keshamaliza. Nliona haya unione na grisi."

Jecha alikuwa ameugeuza uso wake upande wa shamba la muhogo, na Bi Time aliona shingo yake imekaza. Akadhani ndio basi, ameshamharibia mwanawe ndoa. Akainama akaanza kukaza. Lakini gurudumu lilizunguka pamoja na spana, maana hapa hapakuwa na ukuta wa kuiegemeza Vespa wala mtu wa kulizuia, na Muhiddin alikuwa amekaa chini kando ya njia ameshika kichwa.

Ndipo akaona kiatu cha Jecha kinakuja. Kijana alipita upande wa pili wa Vespa, uso bado ameuelekeza kwenye mihogo, asimtazame mama mkwe wake katika hali ile, akaweka mguu juu ya breki, akaikanyaga. Gurudumu likatulia.

Bi Time akazikaza. Ya huku, ya kule. Pale palipokosekana nati Muhiddin aliinuka akachomoa moja katika gurudumu la Lambreta ya Abdulla, ikakaa. Bi Time akaimaliza na hiyo, akaishindilia kwa kisigino kitupu, akasimama, akajifuta mikono kwenye buibui lake zuri la kutokea.

Wanu alikuja na mtoto, akasimama mbele ya Vespa, hakupanda. Alimtazama mama yake.

"Zote, mama?"

Miaka ishirini Bi Time alimcheka mumewe kwa kujiuliza hilo hilo. Sasa akachuchumaa tena, akaomba Jecha akanyage breki, na akaanza upya na ile ya kwanza.